Kwa Dada Anayetaka Kuacha: Furaha na Uongozi katika Kuyatunza Mazingira

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijitahidi kuishi maisha yasiyoyaumiza mazingira. Hubeba chupa yake ya maji kila aendako, hutenganisha taka nyumbani, nguo ikichanika huitia kiraka, na hivi karibuni alithubutu kupendekeza katika kikao cha kazini kwamba ofisi yao iache kununua maji ya chupa. Wenzake walitazamana wakatabasamu, na mwenyekiti akaendelea na ajenda iliyofuata. "Kaka, nimechoka kuwa kichekesho," aliandika. "Nikiacha leo, dunia itapungukiwa na nini?" Nimeusoma ujumbe huo zaidi ya mara moja, kwa sababu swali lake nalijua, mimi pia niliwahi kulibeba, na lundo la mboji ndilo lililonipa jibu.

Katika taasisi moja niliyowahi kuitumikia, niliandaa andiko kuhusu mabaki ya chakula. Nililifanyia kazi kwa moyo wote. Nilieleza kwamba chakula kinapofukiwa dampo chini ya taka nyingine hukosa oksijeni, na kwamba vijidudu vinavyokiozesha katika hali hiyo hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 20 hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Nilieleza pia kwamba mabaki hayohayo yakioza mahali penye hewa ya kutosha hutoa methani kidogo sana, na mwishowe huwa mboji inayourudishia udongo rutuba yake. Nilichoomba kilikuwa kona ya uwanja nyuma ya jengo na ruhusa ya kukusanya maganda na masalia ya mlo wa mchana. Mwenyekiti akasema, "Hoja imepokelewa," na tangu siku hiyo haikurudi mezani, wala sikupewa sababu. Iliniuma. Nakiri kwamba sehemu ya maumivu hayo ninayo hadi leo, hasa kwa sababu ya yale yaliyofuata baadaye, ambayo nitayaeleza.

Nilichofanya ni kuzungumza na mhudumu wa usafi, mzee mwenye busara aliyeijua kila pembe ya uwanja ule kuliko sisi sote tuliokaa kwenye vikao. Alinionyesha mahali ambapo majani makavu yalikuwa yakirundikwa kila siku ili yachomwe moto, akaniuliza kama yangenifaa. Yangenifaa sana. Mboji huhitaji malighafi ya aina mbili: vitu vikavu vyenye kaboni nyingi, kama majani makavu, maranda na karatasi zilizochanwa, na vitu vibichi vyenye nitrojeni nyingi, kama maganda ya matunda na masalia ya mboga. Kwa kipimo cha kikemia, mchanganyiko mzuri una kaboni takribani sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Vibichi vikizidi, lundo hunuka. Vikavu vikizidi, hulala tu bila kuoza. Unyevu nao una kiasi chake, kwani ukilifinya konzi la mboji mkononi linapaswa kuwa kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa. Tukapanga tabaka kwa tabaka, tukamwagia maji kidogo, tukalifunika lundo letu na kusubiri.

Siku za kusubiri hazina la kusimuliwa. Ninaloweza kusimulia hadi kesho ni asubuhi tulipolifunua ili kuligeuza kwa uma wa shambani, mvuke ukapanda usoni petu. Nilijua kwa kusoma kwamba bakteria wanapofanya kazi vizuri hulipandisha lundo hadi nyuzi joto 55 au 65 za Selsiasi, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Kujua kwa kusoma ni jambo moja. Kusimama mbele ya majani na maganda yaliyokuwa takataka, ukauhisi ule moto usio na kuni wala umeme, ni jambo lingine kabisa. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi kazini kwa muda mrefu, na mzee yule alicheka kwa sauti hadi watu wakachungulia madirishani.

Na hapo ndipo watu walipoanza kuja. Sikumwita mtu. Wa kwanza alikuwa dada wa idara ya hesabu, ambaye kikaoni hakuwa amesema lolote. Alitaka kuuhisi ule mvuke kwa mkono wake. Kesho yake alileta maganda kutoka nyumbani kwake. Baada yake alikuja mwingine aliyetaka kuligeuza lundo mwenyewe, kisha wawili waliokuwa na bustani na waliohitaji mboji. Kurasa zote za andiko langu hazikumvuta hata mtu mmoja, ilhali furaha yetu iliwavuta bila mwaliko.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa katika miji 58 ya jimbo la Connecticut, Marekani, ambako wahamasishaji waliojitolea walikuwa wakiwashawishi majirani zao waweke paneli za umeme wa jua. Wahamasishaji waliokuwa wameziweka kwenye nyumba zao wenyewe kupitia mpango huo waliwapata watu wengi zaidi, kwa takribani asilimia 63, kuliko wenzao waliohamasisha tu. Watu hutazama kwanza kama msemaji anaishi anayoyasema. Ukiishi hivyo, tayari unaongoza, hata kama huna cheo, ofisi wala bajeti.

Kuhusu furaha pia usidhani nasema kwa hisia zangu peke yangu. Mwaka 2005 wanasaikolojia Kirk Warren Brown na Tim Kasser walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye maisha ya kuridhika zaidi ndio pia walioripoti mienendo inayoyajali zaidi mazingira. Hawakuwa watu wa kujitesa. Walikuwa watu wanaozingatia kwa makini wanachokifanya, na ambao thamani ya maisha yao haikutegemea sana mali na sifa. Kwa hiyo yule anayekuonea huruma kwa sababu umetia kiraka nguo yako hajui unachokipata. Wewe unajua, na hilo usiruhusu mtu akunyang'anye.

Sasa nieleze lile lililobaki moyoni. Ulifika wakati taasisi ileile iliona faida ya lundo letu, ikaamua kulifanya mpango rasmi wenye mapipa yaliyopakwa rangi na mabango. Siku ya uzinduzi zilisomwa hotuba, wakashukuriwa viongozi mmoja baada ya mwingine, na jina la mzee wa usafi halikutajwa, wala langu. Kwa upande wangu nimejitahidi kusamehe. Kwa upande wa mzee bado nina uchungu, kwa sababu bila yeye majani yale yangeendelea kuchomwa. Hata hivyo nilipomtazama siku ile, alikuwa amesimama kando ya mapipa akiwaonyesha vijana namna ya kupanga tabaka, na vijana walikuwa wakimsikiliza yeye. Waliosoma hotuba walikuwa wamekwisha kuondoka.

Tuna mfano mkubwa zaidi wa uongozi wa namna hii. Wangari Maathai wa Kenya alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba wanawake wa vijijini wasio na stashahada wangeweza kuotesha na kutunza miti. Wanawake hao walitumia maarifa yao ya kilimo, wakajaza udongo katika makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaotesha mbegu, wakafundishana kutoka kikundi hadi kikundi. Mwaka 2004, Wangari alipotunukiwa Nobeli ya Amani, miti iliyokuwa imepandwa na harakati hiyo ilihesabiwa kwa makumi ya milioni. Ndugu msomaji, unaposubiri uteuliwe ndipo uanze, unasubiri kitu ambacho wanawake hao hawakukisubiri. Anza na jambo linaloonekana kwa macho, jambo moja tu, na ulifanye mahali ambapo wengine hupita. Usilifiche kwa aibu, wala usilifanye kwa kununa. Furahia waziwazi, kwa sababu mtu hajiungi na huzuni ya mwenzake.

Nawe dada yangu uliyeniandikia, umeuliza dunia itapungukiwa na nini. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, na takribani asilimia 60 ya chakula hicho kilitoka majumbani, yaani kwenye jikoni za watu wasio na cheo kama wewe na mimi. Chupa nazo zina habari yake: utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, ni takribani asilimia 9 tu zilizowahi kurejelezwa. Chupa ambayo haikununuliwa kabisa haihitaji mtambo wa kuirejeleza, na wewe umekuwa ukifanya hivyo kila siku mbele ya macho ya wenzako. Usidhani hawajaona.

Kwa hiyo usiache. Ila hoja yako usiirudishe kikaoni sasa hivi. Weka mtungi wa maji safi karibu na meza yako, mkaribishe kila apitaye, na ukimwona mtu amekuja na chupa yake mwenyewe, mfurahie bila kumtangaza. Utafiti mmoja wa mwaka 2008 uliofanywa katika hoteli moja ya Marekani ulionyesha kwamba wageni walioambiwa kuwa wenzao wengi huzitumia taulo zao tena walifanya hivyo zaidi kuliko wale walioombwa tu kuyatunza mazingira. Watakapofika watatu au wanne, omba nafasi kwenye ajenda, na siku hiyo wao ndio wazungumze kwanza. Wewe leta mtungi mezani na vikombe vya kutosha.