Kuanzia Sasa Tyubu Yangu Naibeba Mwenyewe

Juzi kijana mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nimepata pancha tatu tairi la nyuma ndani ya siku nne. Ni tairi limechoka au kuna mtu ananichezea?" Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza nikiwa nimekaa kando ya tenga la samaki barabara ya Usagara, jua la saa nne linanichoma utosi.

Nitamjibu. Ila kwanza nisimulie, maana bila kisa hiki utadhani nakufundisha kufungua nati tu.

Mimi ni mtu wa sato, samaki wa ziwani, nabeba kwa pikipiki. Nanunua upande wa Busisi alfajiri, navuka, nagawa kwa akina mama wa hoteli kuanzia Buhongwa, Mkolani, mpaka Nyegezi. Najua na wewe unayesoma hapa una mpango kama wangu: pikipiki izae guta la matairi matatu, guta lizae Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Hakuna anayeamka saa tisa usiku kwa kuupenda upepo wa ziwa.

Enzi za kivuko pale Kigongo, ukichelewa ulikuwa na pa kusingizia. "Mama, foleni ya kivuko." Mama anaguna, yanaisha. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Nilishangilia kuliko wenzangu wote. Sikujua kuwa kisingizio changu kilikuwa kinastaafu pamoja na kivuko.

Miezi michache baadaye nikapata oda ya hoteli moja ya maana, sitaji jina: kilo 30 kila Jumamosi, pesa mkononi. Jumamosi ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu, nimeshapita Kigongo, nasikia pikipiki inakata kiuno kwa nyuma. Nikajua ni pancha. Nikafanya ujinga tunaoufanya wote: "Ngoja nifike pale mbele, kuna fundi." Kilo 30 za samaki, barafu, na mimi mwenyewe, juu ya tairi lisilo na upepo, karibu kilomita mbili.

Nilipofika, tyubu ilikuwa imejisokota ndani kama utumbo na vali imeng'oka kwenye shina. Kumbe kilichoanza kilikuwa kitundu cha msumari, kazi ya kiraka cha buku mbili. Nilipofika pale hapakuwa na cha kuziba tena.

Fundi alikuwa na tyubu moja kuukuu. Akaiweka, akajaza, ikashuka. Akafungua: "Kuna nyingine hapa, bosi." Akaziba, akajaza, ikashuka tena. Muda wote huo nimempa mgongo, niko kwenye simu nambembeleza mteja. Pancha ya tatu ndiyo niliyoiona kwa macho yangu: kitundu kisafi kama cha sindano, na nilipopapasa tairi mahali pale hapakuwa na kitu chochote. Sina ushahidi. Nililipa zote. Lakini mpaka leo nikipita pale naangalia upande wa pili.

Maji ya barafu yanadondoka kwenye lami, mteja ananiambia maneno ambayo nayakumbuka yalivyo: "Kijana, mimi nina wageni, sina pancha." Akakata. Na kabla sijamaliza hata kuirudisha simu mfukoni, akapita jamaa mmoja wa Boxer, mtu niliyemuonyesha wavuvi mimi mwenyewe, nikamtambulisha kwao kama mdogo wangu. Akapiga honi. Hakusimama. Wiki iliyofuata oda ile ilikuwa yake.

Miezi iliyofuata nairuka, haina ladha. Niseme tu kwamba nilimfuata mzee mmoja fundi baiskeli kule Mkolani, Msukuma wa zamani, nikamwamkia "Mwangaluka," nikamweleza nataka kujifunza pancha. Hakuchukua hela. Alinitolesha na kunirudishisha tairi la baiskeli mara tano, na kila mara nilipokosea alikuwa anautoa upepo na kuniambia anza tena.

Alichonifundisha kikubwa si kuziba. Ni kusoma tyubu. Kabla hujaitoa, weka alama kwenye tairi palipo na vali. Ukishaitoa, jaza upepo kidogo, isogeze shavuni au ipake mate mpaka upate kitundu, halafu ilaze juu ya tairi vilevile ilivyokaa. Kitundu kitakuonyesha mahali pa kutafuta adui. Pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, ukiwa umekifunga kitambaa, usije ukajichana.

Sasa kijana wa Buhongwa, jibu lako hili hapa. Pancha tatu zikiwa sehemu ileile ya tyubu, kitu bado kimo ndani ya tairi: mwiba wa mgunga uliokatikia humo, au kipande cha waya. Kitundu kikiwa upande wa ndani, ule unaotazama ringi, lawama ni ya spoku iliyochomoza au ule mkanda wa mpira unaozunguka ringi umeoza. Vitundu viwili sambamba, kama nyoka ameuma, ujue uligonga jiwe upepo ukiwa mdogo. Vali ikichanika kwenye shina, tairi linazunguka peke yake juu ya ringi, nalo pia ni upepo mdogo. Hakuna mtu anayekuchezea. Au yupo, lakini tyubu itakwambia.

Jumamosi iliyopita ikanikuta tena, barabara ileile. Safari hii nilisimama palepale. Nikashusha tenga, stendi kubwa, nikalegeza nati ya ekseli, nikafungua breki, nikasukuma gurudumu mbele, cheni ikatoka. Tairi nikalikanyaga kwa kisigino likaachia ringi, vile vyuma viwili vya kubandulia tairi vikaanza karibu na vali huku upande wa pili nimeugandamiza uzame katikati ya ringi. Hiyo ndiyo siri ya kutotumia nguvu. Nikachomoa mwiba. Tyubu mpya nikaipa upepo kiasi cha kujishikilia tu, isije ikabanwa na vyuma, na wakati wa kurudisha nikamalizia pale palipo na vali. Pampu ya mguu. Dakika 40, wala si 20 kama wanavyojisifu wengine. Samaki walifika na barafu yao.

Basi sikiliza, na hapa nitahubiri kidogo. Simama. Ukihisi pikipiki inayumba, simama, usitafute fundi wa mbele. Ikiwa ni tairi la mbele, shika usukani imara, achia mafuta polepole, usiguse breki ya mbele, tumia ya nyuma kwa upole mpaka itulie. Kisha simama. Narudia kwa sababu najua hutasimama, na mimi sikusimama.

Beba tyubu. Nyingi zimeandikwa 2.75/3.00-17, kwa hiyo moja inaweza kukufaa mbele na nyuma kama pikipiki yako ni kama yangu. Soma ubavuni mwa tairi. Beba pampu, vyuma viwili, spana zako. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi: kwangu mbele PSI 25, nyuma 28 nikiwa mwenyewe, 32 nikiwa na mzigo. Kuna watakaokwambia uweke tairi zisizo na tyubu. Waulize kwanza kama ringi yako ni ya spoku, maana upepo utatokea kwenye matundu ya hizo spoku. Na ukilazimika kwenda kwa fundi, weka simu mfukoni, chuchumaa mbele yake, hesabu vitundu. Si kwamba mafundi ni wezi. Yule mzee wa Mkolani ni fundi. Ila mtu mwenye simu sikioni anajiibia mwenyewe.

Ndugu zangu, tunaota Kirikuu na hatuna pampu ya kujazia upepo. Tunanunua sitika za kupamba tangi, tunanunua redio, tyubu ya akiba tunaiona gharama.

Jumamosi ile, mama wa hoteli wa Mkolani alipoona mikono yangu ilivyo myeusi alinipa sabuni na chai, hakuuliza chochote. Ile hoteli ya kilo 30 bado inapelekewa na yule jamaa wa Boxer. Jumamosi tunapishana darajani, na siku hizi napiga honi mimi kwanza.