Kwa mnaoanza kupeleka familia mtoni

Jumamosi, maji yakishakupwa, huwa nakaa ufukweni Kunduchi na vijana watano au sita wanaotafuta kazi ya kuongoza wageni mtoni. Wengi wanaitolea macho Rufiji. Swali lao la kwanza halijawahi kubadilika: "Kaka, yale mawimbi ya kwenye video mnayapitaje?" Nawaambia tutafika huko. Kwanza nataka kujua: mtoto wa miaka saba akibanwa na haja usiku wa manane, utafanyaje?

Wanacheka. Na mimi nilicheka nilipoulizwa.

Kazi hii niliijulia Marekani, nilipokuwa masomoni Utah. Kila kiangazi cha kule nilipiga makasia kwenye boti za mpira, tukipeleka familia kwenye makorongo ya jangwani: mto San Juan, mto Green kwenye korongo la Desolation na jirani yake Gray, na msimu mmoja mto Colorado wenyewe, ndani ya Grand Canyon. Desolation na Gray ni kama kilomita 135, siku tano au sita. Mtandao wa simu hakuna, na sehemu kubwa ya njia hakuna barabara ya kukimbilia. Mawimbi ya siku nzima ukiyajumlisha, mara nyingi hayafiki saa moja. Saa zilizobaki ni jua, mchanga, chakula, choo na watoto, na hapo ndipo utakapojulikana kama kazi unaiweza.

Choo kwanza. Kule ni sanduku lisilovuja, unalifunga botini kila asubuhi na kurudi nalo mjini. Kinyesi hakizikwi na jivu haliachwi. Hata ganda la chungwa linarudi. Jangwani vitu haviozi upesi, na kambi ni vipande vichache vya mchanga ambavyo msimu ukikolea hulaliwa na kundi jipya karibu kila usiku. Haja ndogo ndiyo huenda mtoni moja kwa moja, kwa kuwa mvua ya kuosha mchanga ni ya kubahatisha. (Hilo msilibebe hadi Rufiji. Ukimsimamisha mtoto ukingoni gizani, umemwandalia mamba.) Sanduku huwekwa nyuma ya mwamba, na kwenye ndoo ya kunawia huachwa kasia dogo. Anayekwenda analibeba, ukikuta halipo, subiri zamu yako.

Safari moja binti mdogo alikaa siku mbili bila kwenda. Mama yake aliona aibu kusema. Siku ya tatu mtoto hali, amejikunja, tumbo gumu kama ngoma, na mimi nilikuwa nimeshughulika kusifiwa kwa makasia. Tangu hapo, jioni ya kwanza, kabla sufuria haijabandikwa, nawachukua watoto wote kwenda kuliona sanduku likiwa tupu. Wanalifunua, wanalikalia na nguo zao, wanachekana, wanagombea kushika kasia. Dakika kumi zinatosha. Kazi hiyo usimwachie mzazi. Yeye mwenyewe bado analiogopa.

Jaketi okozi nalo likague kwa mkono wako. Mvalishe mtoto, funga mikanda, kisha mshike mabegani na umnyanyue. Masikio yakizama ndani ya jaketi, ni kubwa, tafuta jingine. La mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Na usidanganywe na jua: Grand Canyon hewa hupita nyuzi 40 majira ya joto, lakini maji hutoka chini ya bwawa la Glen Canyon na yanauma kwa baridi. Nimeona mtoto akitetemeka meno juani saa saba mchana.

Maji ya kunywa hayaendi bila chumvi. Mtu akitoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu kupita kiasi, chumvi ya mwilini hushuka, naye anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kuchanganyikiwa. Njugu za chumvi zizunguke botini muda wote. Mto San Juan una tope la rangi ya chai ya maziwa, ukiyachuja maji yake hivyo hivyo kichujio kinaziba mara moja. Nilipomwona kiongozi wetu akitia unga mweupe kwenye ndoo nilicheka peke yangu: shabu! Ile ile aliyokuwa akizungusha bibi kwenye pipa. Tope linakaa chini, yale ya juu unayachota, unayachuja na kuyatia dawa.

Deli za barafu ziwe mbili. Ya vinywaji itafunguliwa mara mia kwa siku. Ya nyama ya siku za mwisho usiifungue kabla ya wakati wake. Juu yake kule tulitandika gunia lililolowa, na barafu ilidumu, kwa sababu hewa ni kavu na maji yanakauka upesi yakiondoka na joto. Hapa Dar, na jasho hili letu, gunia litabaki limelowa tu na barafu yako itayeyuka.

Dawa zisikae boti moja. John Wesley Powell, mtu wa mkono mmoja aliyeongoza safari ya kwanza ya kupima makorongo yale mwaka 1869, alipakia vipimahewa vyote kwenye boti moja, na ndiyo iliyovunjika. Vipimahewa waliviokoa, chakula kingi kikaenda na maji.

Kuhusu kambi, kumbukeni Jangwani yetu ya hapa Dar. Mvua inanyesha vilima vya Pugu, wewe uko Magomeni na jua lako, mara Msimbazi umejaa. Makorongo ya kule ni hivyo hivyo, ila kuta ni za mwamba na maji hayana pa kutawanyikia. Kule, kuanzia Julai hadi Septemba, hema lisisimame kwenye mdomo wa kikorongo cha pembeni, hata mchanga wake uwe laini namna gani na wageni wakubembeleze.

Upepo mara nyingi huvuma alasiri kuelekea juu ya mto. Ondoka mapema.

Haya, mawimbi. Zamani walipiga makasia wakiyapa mgongo. Nathaniel Galloway, mtega wanyama wa Utah miaka ya 1890, akageuka akatazama anakokwenda, na hadi leo tunafanya hivyo: elekeza uso wa boti kwenye jiwe unaloliogopa, kisha vuta makasia ulikimbie. Mengine utayapata kwa kulowa.

Nimalizie na fedheha yangu. Grand Canyon mto unajaa na kupwa kama hapa Kunduchi, lakini si kwa nguvu ya mwezi. Bwawa hufungulia maji zaidi watu wa mijini wanapohitaji umeme, na maji hayo huchukua saa nyingi kufika, kwa hiyo kila kambi ina saa yake. Mimi mtoto wa pwani, ninayejua bamvua na maji mafu tangu sijaanza shule, nilifunga boti jioni na kulala fofofo. Asubuhi boti ilikuwa mchangani, hatua kumi kutoka majini, na mizigo yote ndani. Familia nzima ilishuka kuvuta, babu wao akihesabu moja, mbili, tatu. Mtoto mmoja akaniuliza kama kwetu kuna bahari.

Sasa kabla sijalala nachomeka kijiti pale maji yanapoishia. Nikiamka usiku kwa haja, nakimulika kwanza.