Maswali ya Wasomaji: Viza ya Muda Mrefu ya Kwenda Ujerumani

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu Ujerumani, na zote zinagusa viza ya taifa, yenye alama ya herufi D, ambayo hutolewa kwa mtu anayekwenda kukaa zaidi ya siku 90 kwa ajili ya masomo, mafunzo ya ufundi au kazi. Tunaitenganisha mapema na viza ya Schengen ya matembezi, inayomruhusu mwenye nayo kukaa siku 90 tu ndani ya kipindi chochote cha siku 180, kwa sababu wapo wanaoshauriwa waingie kwa viza ya matembezi kisha wabadilishe wakiwa huko huko. Ushauri huo ni mbaya. Kwa raia wa nchi zetu, sheria ya Ujerumani inataka viza ya kusudio halisi la safari iombwe kabla ya kuondoka, na anayekwenda kinyume na hapo anaweza kurudishwa nyumbani akiwa ameshatumia akiba yote ya familia.

Fedha za akaunti maalumu na majina yasiyolingana

*Ndugu Mhariri, salaam. Nimemaliza shahada ya kwanza ya kilimo na nimepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha umma Ujerumani, masomo yakianza Oktoba. Natakiwa kuonyesha fedha kwenye akaunti maalumu. Baba ameuza kiwanja, na baba mdogo yuko tayari kukopa kiasi kilichobaki kwenye SACCOS ya kazini kwao, kwa makubaliano kwamba nikifika nitamrudishia kila mwezi kutoka kwenye fedha hizo hizo. Je, inakubalika? Tena, vyeti vyangu vya NECTA vina majina mawili, na pasipoti ina matatu. Itakuwa tatizo? — Msomaji, Morogoro*

Hongera kwa nafasi hiyo, ndugu yetu. Akaunti unayoisema ndiyo Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Mwanafunzi huifungua kwa jina lake kabla ya kuomba viza, huweka humo fedha za kujikimu za mwaka mzima, kisha fedha hizo hufungwa hadi atakapofika, na kuanzia hapo hufunguliwa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango kwa wanafunzi ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Kwa kuwa kiwango hupandishwa mara kwa mara, soma kile kilichoandikwa kwenye tovuti ya ubalozi siku unapofungua akaunti, wala usitegemee alicholipa mwenzako aliyetangulia.

Mkopo wenyewe si kosa. Fedha ikishaingia kwenye akaunti yenye jina lako, ubalozi unaangalia kwamba ipo na kwamba imefungwa kwa utaratibu unaotakiwa. Hata hivyo, kampuni au benki inayotunza akaunti inaweza kukuuliza fedha zimetoka wapi, kwa hiyo hifadhi mkataba wa mauzo ya kiwanja wenye sahihi za pande zote na karatasi za mkopo wa baba mdogo.

Kinachotutia wasiwasi, na tunakisema kwa sababu tunakutakia mema, ni mpango wa kumrudishia baba mdogo kutoka kwenye euro 992. Kiasi hicho kimewekwa kuwa kiwango cha chini cha kuishi. Ndani yake kuna kodi ya chumba, chakula, mchango wa muhula, na bima ya afya ya lazima ambayo peke yake inazidi euro 100 kwa mwezi. Ukimtumia baba mdogo euro 300 kila mwezi, utakuwa umejipunguzia mkate mwenyewe, tena katika miezi ile ambayo hujapata kazi ya kujazia. Ni kweli kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kimoja na kuipata kazi, ukiwa mgeni usiyejua lugha vizuri na una mitihani mbele yako, ni kitu kingine. Zaidi ya hayo, kibali chako cha kuishi kitakapokaribia kwisha, ofisi ya wageni ya mji unaoishi itataka tena kuona namna utakavyojikimu katika kipindi kinachofuata. Tumeona wengi wakipanga kwa uangalifu namna ya kuingia, wasipange kabisa namna ya kufika mwaka wa pili.

SACCOS nayo haisubiri. Makato ya mkopo yataanza kwenye mshahara wa baba mdogo, uwe umepata kazi au hujapata. Kaeni chini sasa, wewe, baba yako na baba yako mdogo, mkubaliane nani atabeba makato hayo katika mwaka wa kwanza, na muandike. Kama hakuna awezaye kuyabeba, ni heri kukiomba chuo kiahirishe nafasi yako hadi muhula mwingine, iwapo kinaruhusu, huku ukiomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni, kuliko kwenda na deni linaloanza kudai kabla hujapata chumba. Ipo pia njia ya mtu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha kusaini dhamana rasmi kwenye ofisi ya wageni ya huko, ambayo ubalozi huipokea badala ya akaunti. Huyo hubeba wajibu wa kisheria wa kulipa gharama zako, kwa hiyo usimwombe mtu ambaye hujamweleza waziwazi anachokisaini.

Jambo jingine ni la benki, na limewachelewesha wengi. Fomu ya kutuma fedha nje ya nchi ina sehemu ya kuchagua nani atalipa gharama za benki za njiani: mtumaji, mpokeaji, au wote wawili kwa kugawana. Mwambie karani kwamba gharama zote zibebwe na mtumaji, na uongeze kiasi kidogo juu ya kile kinachotakiwa pamoja na ada ya kufungua akaunti. Fedha zikifika zimepungua hata euro 20, hutapewa barua ya uthibitisho hadi utakapotuma tofauti hiyo, na uhamisho wa pili unaweza kukugharimu zaidi ya hizo euro 20 zilizopungua.

Kuhusu majina, usiliache suala hili hadi siku ya miadi. Afisa anayelisoma faili lako hakujui, hawezi kumuuliza jirani yako kama huyu ni yule, na kila karatasi inayotofautiana na pasipoti inamlazimu kujiuliza kama mwenye cheti ndiye mwombaji. Kama cheti chako cha kuzaliwa cha RITA kina majina matatu yale yale ya pasipoti, na cheti cha NECTA kina mawili kati ya hayo kwa tahajia ile ile, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja kwa kawaida inatosha, nawe uiambatishe ikiwa na tafsiri ya Kiingereza au Kijerumani. Kama jina lenyewe ni tofauti, kwa mfano uliandikishwa shule kwa jina la babu na pasipoti ikatoka kwa jina la ukoo, utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo huchukua muda. Linganisha pia tarehe ya kuzaliwa kwenye kila karatasi, kwa sababu hapo ndipo makosa ya karani wa shule ya msingi huibukia baada ya miaka ishirini.

Kwa kuwa masomo yanaanza Oktoba, omba miadi mara upatapo barua ya chuo, hata kama fedha hazijakamilika, maana foleni ya miadi na uchambuzi wa maombi vinaweza kuchukua wiki nyingi na wakati mwingine miezi. Kiandikie chuo mapema ukiulize tarehe ya mwisho kabisa ya kujisajili, na jibu lao uliweke kwenye faili. Hakikisha pia kama kuna ada: vyuo vikuu vingi vya umma havitozi, lakini vya jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza ada zake mwaka 2024.

Wakala anayeahidi viza bila mtihani wa lugha

*Mhariri, binti yangu amemaliza kidato cha nne na anatamani uuguzi. Wakala hapa Nakuru anasema Kenya na Ujerumani zimekubaliana nafasi 250,000, kwa hivyo tukilipa shilingi 350,000 mwezi huu atapata viza ya mafunzo bila mtihani wa Kijerumani. Pesa hizo ni pamoja na karo ya chuo. Tulipe? — Mama, Nakuru*

Hapana, mama, msilipe.

Mkataba upo, na ulitiwa sahihi Berlin tarehe 13 Septemba 2024 Rais William Ruto alipokutana na Kansela Olaf Scholz. Ila hauna idadi yoyote ya nafasi. Habari ya watu 250,000 ilipoenea, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza na kuikanusha. Mkataba huo unarahisisha ushirikiano kati ya serikali mbili, lakini kila Mkenya bado anatakiwa kutimiza masharti yale yale ya sheria ya uhamiaji ya Ujerumani.

Mafunzo ya uuguzi huko huchukua miaka 3, na mwanafunzi hujifunza kwa zamu darasani na wodini huku akilipwa posho ya kila mwezi na mwajiri wake. Sheria ya uuguzi iliyoanza kutumika mwaka 2020 imeondoa karo katika mafunzo hayo, kwa hivyo anayewadai karo ya chuo cha uuguzi anawadai kitu kisichokuwepo. Kinachotakiwa ni mkataba wa mafunzo wenye jina la hospitali au nyumba ya wazee, nafasi katika shule ya uuguzi inayohusika, tathmini ya cheti chake cha KCSE, na Kijerumani cha kiwango cha B1 kwa uchache, yaani ngazi ya kati katika viwango vya lugha vya Ulaya vinavyoanzia A1 hadi C2. Waajiri wengi hupendelea B2.

Lugha hiyo haipatikani kwa miezi miwili. Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya kufundisha Kijerumani, una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu hutaka alama 60 kwa 100. Akianguka moja anaweza kuirudia hiyo peke yake. Hizo shilingi 350,000 zina kazi nzuri zaidi kwenye ada ya kozi ya lugha Nairobi au penginepo panapofundishwa vizuri. Binti atakapokuwa wodini usiku, mgonjwa mzee akimwita kwa sauti ya chini kwamba kifua kinambana, hakutakuwa na wakala wa kumtafsiria.

Mkitaka kumtumia wakala, angalieni kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na mdai mkataba wa maandishi unaotaja mwajiri kwa jina na anwani. Ada ya viza yenyewe ni euro 75 kwa mtu mzima, na ubalozi hauuzi miadi.

Naombea wapi nikiwa Oman?

*Mimi ni mtu wa Unguja, fundi umeme, nina kibali cha kuishi Muscat. Nimesikia kuhusu Chancenkarte. Ni lazima nirudi nyumbani kuomba? — Msomaji, Muscat*

Si lazima. Maombi hupelekwa kwenye ubalozi wa Ujerumani unaohudumia mahali unapoishi kihalali, na kwako ni Muscat, almuradi kibali chako cha Oman hakikaribii kwisha. Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, ilianza tarehe 1 Juni 2024 na humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja, huku akifanya kazi saa 20 kwa wiki. Swali kubwa kwako ni cheti: unahitaji mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea, yathibitishwe na ofisi ya Ujerumani iitwayo ZAB, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na pointi 6 za umri, uzoefu, lugha na mengineyo. Kama ufundi uliupata kazini bila cheti, njia hii haikufai kwa sasa, hata kama mikono yako inaijua kazi kuliko wenye vyeti.

Nimenyimwa viza, nikate rufaa?

*Ndugu Mhariri, nimenyimwa viza ya masomo kwa maelezo kwamba kusudio langu halikuwaridhisha. Nina miaka sita kazini kama mhasibu na niliomba kozi ya utalii. Rafiki yangu alishinda kwa kuwaandikia ubalozi barua ya pingamizi. Nifanye hivyo? — Dada, Dodoma*

Pole, dada. Barua aliyoitumia rafiki yako ilikuwa utaratibu wa hiari wa kuomba uamuzi upitiwe upya, na Ujerumani iliufuta katika balozi zake zote kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Sasa zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua ya kukataliwa, ambao kwa kawaida ni mwezi mmoja. Kesi huenda polepole na ina gharama, na tungeishauri pale tu ambapo ubalozi umepuuza karatasi uliyoiwasilisha. Ya pili ni kuomba upya wakati wowote, kwa ada mpya.

Kwa hali yako tunaona njia ya pili ndiyo yenye faida, ila usipeleke faili lile lile. Mtu aliyefanya uhasibu miaka sita kisha akaomba utalii anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, lakini sababu hiyo lazima ionekane kwenye karatasi. Kama familia yenu ina nyumba ya wageni, ambatisha leseni yake. Kama mwajiri wako huzifanyia hoteli kazi za uhasibu, aandike barua. Barua yako ya kueleza nia iandike mwenyewe, kwa maneno yako, ikitaja masomo yaliyomo katika kozi hiyo na kazi utakayoifanya baada ya kuhitimu. Zile zinazonakiliwa mtandaoni maafisa huzisoma kila wiki na wanazitambua. Fomu ya maombi itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza. Jibu ndiyo, taja tarehe, kisha eleza kwa sentensi mbili tatu ni kitu gani kipya umekileta safari hii.