Mshipi wa fluorokaboni unakatikia fundoni

Swali: Shikamoo mzee wangu. Navua kwa ufito na rili kwenye miamba ya upande wa Bangwe, hapa Kigoma, nikiwatafuta samaki aina ya kuhe. Niliona Wamarekani wakivua samaki wao wa besi kwa mshipi wa fluorokaboni, aina ya plastiki, nikaagiza wa kuhimili ratili 12 na kujaza rili nzima. Samaki watatu wameshanikatia, kila mara kwenye fundo. Nimeuziwa feki?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hujamlaumu muuzaji, itazame ncha ya mshipi pale ulipokatikia. Ukiikuta imejisokota kama springi ya kalamu, basi fundo liliteleza. Vijana wengi wananiletea mishipi ya namna hiyo, na mingi ni mizima kabisa.

Fluorokaboni ni ngumu kuliko nailoni. Ukilikaza fundo kavu, msuguano hutoa joto, na joto hilo hudhoofisha mshipi kabla ndoana haijaingia majini. Kwa hiyo lowanisha fundo kwa mate, kisha vuta polepole mpaka likae. Mimi napenda fundo la Palomar: kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha ndoana yote ndani ya kitanzi, lowanisha, vuta. Hakikisha nyuzi mbili hazipandani. Ukiona zimepandana, kata ufunge upya. Usiione tabu, hapo ndipo kuhe wako watatu walipopotelea.

Halafu, kwa nini ujaze rili nzima? Mshipi huu ni ghali, na hupenda kukumbuka mviringo wa rili, ukirusha unatoka na mapindi. Jaza nailoni au mshipi wa kusuka, kisha unganisha mita mbili tu za fluorokaboni mbele. Hapo ndipo samaki anapotazama.

Na ziwa letu linaonyesha kila kitu! Siku tulivu, maji ya Tanganyika huwa maangavu hata mita 20 chini. Kipimo cha kupinda mwanga cha maji ni 1.33, cha fluorokaboni karibu 1.42, cha nailoni hupita 1.5. Kadiri kipimo kinavyokaribia cha maji, ndivyo mshipi unavyojificha; ndiyo maana fluorokaboni huonekana kwa shida zaidi majini, ingawa haipotei kabisa. Mvua zikinyesha na mto Luiche ukaleta tope, faida hiyo hupungua sana, na nailoni itakutosha.

Inabaki faida ya mwamba. Fluorokaboni huvumilia kukwaruzwa, haifyonzi maji kama nailoni, na huzama haraka kwa kuwa uzito wake ni kama mara 1.8 ya maji. Kwa chambo cha kuburuza chini, hiyo ni heri. Kwa chambo bandia kinachoelea, usiitumie ndefu, itakivuta pua chini.

Kuhusu ufeki: tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji pamoja na kipande cha nailoni cha unene uleule, uvisukume vyote chini ya uso wa maji. Fluorokaboni halisi hutangulia kufika chini.

Kila ukimtoa samaki, pitisha mita ya mwisho katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi ukwaru, hata mdogo, kata hapo na ufunge upya.