Kabla hujalaumu kemikali, pima joto la kila shimo

Wiki iliyopita yamekuja majibu ya ulinganisho. Maji taka ya chupa moja yaligawiwa mafungu mawili, moja likabaki kwetu Unguja, jengine likavushwa kwa boti hadi maabara ya Dar es Salaam. Namba za COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu uliomo majini, za pande zote mbili zimekaribiana hata mkuu wetu akazisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote. Alhamdulillahi. Siku hiyo niliingoja kwa muda mrefu, na nataka nieleze tulivyofika hapo, kwa sababu wengi mnaonisoma mko kwenye maabara ndogo kama yangu na mnatamani siku moja mpate ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara.

Kazi yenyewe mnaijua. Mililita 2 za sampuli zinaingia kwenye kichupa cha kioo chenye potasiamu daikromati, asidi ya salfuriki, salfeti ya fedha ya kuharakisha na salfeti ya zebaki ya kuifunga kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi, isiharibu kipimo. Unafunga kifuniko barabara, unatumbukiza kichupa kwenye shimo la hita, nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa 2. Uchafu unaungua, rangi ya chungwa inaelekea kijani, kikishapoa unasoma kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima rangi. Kila kitu kinategemea lile pande la aluminiamu lenye mashimo. Joto likipungua uchafu hauungui wote, na namba inatoka ndogo.

Sasa kisa chetu. Hoteli moja ya mwambao wa mashariki ilikuwa ikituletea maji ya mtambo wake wa kusafishia maji taka. Mwezi huu namba juu, mwezi ujao chini, na mtambo haujabadilishwa chochote. Kwenye kikao mwakilishi wao akasema, mbele ya watu, kwamba ni bora sampuli zipelekwe Dar moja kwa moja kuliko kupoteza pesa kwa "watoto wa hapa". Mimi nilikuwepo, nimekaa na daftari langu mapajani. Nina shahada ya kemia, nimefanya kazi hii tangu nilipotoka chuoni, na daftari lile lina kila kichupa nilichowahi kukipasha moto. Sikujibu kitu. Lakini maneno yale nililala nayo na kuamka nayo, na mpaka leo nikiyakumbuka yanachoma.

Wenzangu wakasema tuagize kemikali mpya. Kemikali hizi zinatoka ng'ambo, ni ghali, na ghala letu lilikuwa na boksi ambalo muda wake haujaisha hata kidogo. Nikakataa. Nikachukua potasiamu hidrojeni fthalati iliyokaushwa, gramu 0.425, nikaiyeyusha katika lita 1 ya maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa (distilled). Myeyusho huo lazima usome miligramu 500 za COD kwa lita, dunia nzima. Nikajaza vichupa kwa myeyusho uleule, kwa pipeti ileile, nikavipanga mashimo yote ya hita, kila kichupa nimekiandika namba ya shimo lake.

Baada ya saa 2 hukuhitaji hata mashine kuona. Safu za kushoto zimegeuka rangi sawasawa. Ukienda kulia uchungwa unazidi, na safu ya mwisho imebaki na rangi kama haijamaliza kupika. Kemikali ni ile moja, mkono ni mmoja. Nikatia mafuta yanayostahimili joto kwenye kichupa kitupu kikavu, nikatumbukiza kipimajoto cha kioo, nikapita shimo baada ya shimo. Kushoto 150. Kona ya kulia 131. Na kioo cha hita kinaonyesha 150 muda wote, taa ya kijani inawaka, hakina habari.

Tukamwita fundi kutoka Mwanakwerekwe, mzee mtaratibu. Akaipindua hita, akafungua bati la chini, akaniita niangalie. "Dada, humu mna vyuma vya moto viwili. Hiki cha kulia kimekufa zamani." Ncha ya waya wake ilikuwa imeota kutu ya kijani, nene, ukiigusa inamomonyoka vidoleni kama chokaa ya ukuta wa Mji Mkongwe. Na kile kijiti kinachosoma joto kimekaa kushoto, ubavuni mwa chuma kizima. Kwa hiyo mashine ilikuwa inajipima pale penye moto tu. "Hapa hakuna aliyekosea," akasema yule mzee, "hii ni hewa ya bahari." Kumbe sampuli za hoteli mwezi mmoja ziliangukia kushoto, mwezi mwengine kulia, basi.

Ndugu zangu, pimeni joto la kila shimo. Msiridhike na kioo. Kila mwezi, kwa kipimajoto kilichohakikiwa, na muandike. Kiwango cha ISO 15705 cha mwaka 2002, ambacho ndicho kinachoongoza kipimo hiki cha vichupa, kinaruhusu nyuzi 5 juu au chini ya 150, si zaidi. Na kila mnapochemsha, wekeni kichupa kimoja cha ule myeyusho wa 500 na kimoja cha maji matupu, mkivihamisha mashimo kila mara ili msipime pembe ileile daima. Hita isikae chini ya kiyoyozi. Nimeingia maabara za watu hapa kisiwani nikaikuta imewekwa hapohapo upepo unapopiga, halafu mtu ananilalamikia namba zake.

Umeme nao. Wa rika langu mnakumbuka Unguja ilivyokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ulipokufa waya wa chini ya bahari. Sasa hali ni nyengine, lakini ukikatika katikati ya saa zenu 2, msiunganishe dakika. Vichupa hivyo wekeni kando na taka zake, mrudie kwa sampuli ileile. Ndiyo maana chupa kubwa hutiwa asidi ya salfuriki mpaka pH, kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2 na kuwekwa kwenye friji, nyuzi 4. Inasubiri hadi siku 28 bila tatizo. Anayemwaga sampuli mara tu baada ya kupima anajifungia mlango mwenyewe.

Na chumvi! Hili wa bara hawalipati kama sisi. Miligramu 1 ya kloraidi ikiachiwa inakula daikromati sawa na miligramu 0.226 za oksijeni. Maji ya bahari yana kloraidi kama miligramu 19,000 kwa lita. Pigeni hesabu: maji safi ya kuogelea Nungwi yanaweza kuonekana yana COD zaidi ya 4,000, wakati maji taka ya majumbani kwa kawaida ni mia kadhaa. ISO 15705 inakubali kloraidi mwisho 1,000 bila kuzimua. Kwa hiyo visima vya pwani na hoteli za ufukweni, pimeni kloraidi kwanza, zimueni, ndipo mpashe moto. Msifanye kazi kwa mazoea. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, maji machafu yakimwagwa juu hayachelewi kufika kwenye kisima cha mtu, na wa kwanza kujua ni sisi wenye vichupa. Tukitoa namba ndogo ya uongo, kuna mama anachota ndoo yake akiamini ni salama.

Kijana wa Chake Chake aliyeniandikia: mkuu wako anataka mtumie oveni ya kukaushia badala ya kununua hita. Oveni inafika nyuzi 150, hilo ni kweli. Lakini kwenye hita kifuniko kinabaki nje ya shimo, na ndani ya oveni kinachemka pamoja na kichupa. Vifuniko vingine vinalainika, na kilichomo ni asidi kali yenye zebaki. Jaribuni kwanza vifuniko vyenu kwa vichupa vya maji matupu, msivijaze zaidi ya nusu, oveni ipande taratibu na ifunguliwe ikiwa imepoa. Mkipata pesa, nunueni hita yenye kifaa cha kuizima joto likipita kiasi, yenye kinga angavu mbele, na muulizeni muuzaji kabla ya kulipa kama anauza vyuma vya moto vya akiba. Sisi chetu kilitoka Dar, na yule mzee wa Mwanakwerekwe ndiye aliyekifunga.