Gunia, vyungu au tuta? Bustani ya nyumbani penye maji ya chumvi

SWALI: Bwana shamba, shikamoo. Ninaishi Makorora, Tanga, katika nyumba yenye ua mdogo ambao nusu yake imesakafiwa. Nilipanda mchicha kwenye ndoo, ukaota vizuri, lakini baada ya wiki mbili kingo za majani zikakauka kama zilizobabuliwa na moto. Ninamwagilia maji ya kisima. Nataka kuanza upya, ila kila mtu ana ushauri wake: huyu gunia, yule vyungu, mwingine tuta. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya kuchagua chombo, tumalize kwanza habari ya maji, kwa sababu dalili ulizoeleza zinaelekea kwenye chumvi, na chumvi usipoishughulikia itakufuata katika bustani ya aina yoyote utakayoianzisha. Uangalie udongo wa ndoo zile: ukiona ukoko mweupe juu yake au ukingoni mwa ndoo, shaka imepungua. Visima vingi vya pwani vina maji yenye chumvichumvi ambayo ulimi uliokwisha kuyazoea hauitambui tena. Jua likiyakausha maji, chumvi hubaki, na kila unapomwagilia unaiongezea nyingine juu yake. Kwenye tuta, mvua ya masika huisukuma chini. Kwenye ndoo isiyotobolewa kitako haina pa kwenda.

Ukitaka uhakika, panda maharage katika makopo mawili yaliyotobolewa, yenye udongo uleule, kisha moja ulimwagilie maji ya kisima na jingine maji ya mvua au ya bomba. Maharage ni dhaifu mno mbele ya chumvi, hivyo hayatachelewa kukupa jibu. Yakiungua ya kopo la kisima peke yake, mchawi ni maji. Yakiungua ya makopo yote mawili sawasawa, basi tuigeukie samadi, hasa ikiwa ni ya kuku na uliitia ikiwa bado mbichi. Kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, kinachojulikana kwa kazi ya udongo, lakini kwa ndoo chache za uani sioni haja ya safari hiyo.

Kwa ua kama wako, mimi ningeanza na gunia moja. Chukua gunia la kilo 100, likunje mdomo, usimamishe katikati yake kopo kubwa lililotolewa kitako, ujaze kokoto ndani ya kopo na udongo pembezoni, kisha ulivute kopo juu kidogo kidogo kadiri unavyojaza, mpaka ibaki nguzo ya kokoto itakayoshusha maji hadi chini. Udongo uwe ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza. Ubavuni toboa matundu yaliyoachana kiasi cha shubiri moja, uchomeke vipande vya matembele huku pingili mbili au tatu zikizama ndani ya udongo, na juu ya gunia upande spinachi. Spinachi hii tuipikayo majumbani ni jamii moja na bitiruti, ndiyo maana huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi.

Ukipenda kuchanganya makumbi ya nazi ili udongo ushike unyevu, yachambue, uyaloweke katika maji baridi na kuyabadilisha mara mbili tatu. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba usiyaguse. Niliwahi kuyatumia nikajiona mjanja, na bilinganya zangu zote zikafa kitaluni.

Vyungu viweke karibu na jiko kwa ajili ya pilipili, rihani na mchaichai, mradi vitobolewe chini. Pilipili huhitaji jua la moja kwa moja kwa muda usiopungua saa sita kwa siku, ilhali mboga za majani huridhika na pungufu ya hapo. Tuta lisubiri masika, mwezi Machi, kwenye ile nusu isiyosakafiwa. Hapo ndipo bamia na mchicha vitakapokufaa. Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu unapozisia, zisije zikaota kwa mafungu, nawe utaanza kuuvuna katika wiki ya tatu au ya nne.

Pale usipokuwa na budi kutumia maji ya kisima, mwagilia asubuhi, shinani na si juu ya majani, na mara moja kila wiki mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini ya chombo, ili yaondoke na chumvi. Hata hivyo, tegemeo lako kubwa liko juu ya bati. Kila milimita moja ya mvua inayoangukia paa la mita mraba 20 ni lita 20, yaani ndoo moja kubwa, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea njiani. Funga mfereji na uweke pipa lenye kifuniko, mbu wasizaliane humo. Na mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uanze kukinga.