Barua kwa mwanangu: Kwa nini Liemba isiachwe ikapumzika

Mwanangu,

Salaam kutoka Kigoma. Sisi hatujambo. Baba yako miguu bado inamsumbua, ila anakula vizuri na kugombana na redio kama kawaida yake.

Umeniuliza kwa nini serikali inamwaga mabilioni kuikarabati MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, chombo cha enzi ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, badala ya kuifanya makumbusho na kununua meli mpya. Unasema wenzako wa ofisini huko Dar walicheka waliposikia. Mtu wa Dar akitaka kwenda Zanzibar anachagua boti, kwa hiyo kucheka kwao nakuelewa. Nikujibu kwa urefu kidogo.

Meli ya Ziwa Tanganyika hainunuliwi ikaletwa ikielea. Maji ya ziwa yanatoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo, na hakuna meli inayoweza kupanda huko kutoka baharini. Meli kubwa lazima ije vipande vipande, iungwe hapa hapa. Liemba yenyewe ilitengenezwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer, Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakapita Hamburg hadi Dar es Salaam, yakapanda treni. Reli ya kati ilifika Kigoma Februari 1914, na miezi michache baadaye vita ikaanza Ulaya.

Mafundi watatu wa Papenburg walikuja nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao yameandikwa. Waliopiga ribiti juani, vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi, majina yao sijawahi kuyaona popote. Meli ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani Maji Maji ilipozuka na majeshi yake yakachoma mashamba ya watu wa kusini. Hilo ndilo jina lililoelea kwenye ziwa letu.

Wanaume wakizungumzia Liemba hupenda sana habari za mizinga. Kweli, ilibebeshwa mzinga wa manowari ya Königsberg, ile iliyozama Rufiji, na kwa muda Wajerumani walitamba ziwani. Waingereza nao wakaleta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Afrika Kusini, kisha wakaziburuta msituni na milimani Kongo kwa ng'ombe na mashine za mvuke. Boti hizo ziliiteka boti ya Kijerumani, Kingani, Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Lakini Götzen ilipojitokeza, kamanda wao Spicer-Simson aliitazama akaiacha ipite. Haikupigana naye hata siku moja. Baadaye mzinga mkubwa ulihitajika nchi kavu, ukang'olewa, ukawekwa wa mbao ili adui adanganyike! Kazi yake kubwa ya vita ilikuwa kuhamisha askari na mizigo haraka kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine. Kwa maneno mengine, hata vitani ilikuwa meli ya abiria.

Julai 1916 Wabelgiji walikuwa wanaukaribia mji wa Kigoma. Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe. Mafundi wale wale walioiunga wakazipaka injini grisi nzito kila mahali, kama mama anavyompaka mwanawe mafuta kabla ya baridi, wakaijaza mchanga na kuilaza chini taratibu tarehe 26. Walikusudia kurudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji wakaiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, mwanangu. Waingereza hawakuiopoa kwa mapenzi ya mambo ya kale. Walipiga hesabu wakaona kuopoa chuma kilichokaa miaka majini ni nafuu kuliko kuleta kingine kutoka Ulaya. Sisi baada ya uhuru tukaipiga hesabu ile ile, tukatoa injini za mvuke miaka ya 1970 tukaweka za dizeli. Wanaoikarabati leo wanafanya hesabu hiyo hiyo.

Kuna lingine ambalo wenzako hawalijui. Mwaka 1997, baada ya vita ya Kongo iliyomwondoa Mobutu, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia Liemba kuwarudisha Wakongo kwao Uvira, makumi ya maelfu. Niliwaona gatini na masufuria, magodoro, kuku wamefungwa miguu. Kisha Mei 2015 ikawa zamu ya Warundi. Walikimbia vurugu za muhula wa tatu wa rais wao Nkurunziza, wakajazana Kagunga, kijiji chetu cha mpakani. Unakumbuka Kagunga? Ufukwe mwembamba, mlima umesimama nyuma yake, barabara hakuna. Maelfu kwa maelfu walikaa pale bila vyoo wala maji safi, kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Njia ya kutoka ilikuwa kupanda mlima kwa miguu au kungoja meli. Liemba ilikwenda ikarudi, ikibeba watu kama 600 kwa safari. Haiwezi kusogea ufukweni, kwa hiyo walipelekwa melini kwa boti ndogo, wazee na watoto wakiinuliwa mikononi. Kigoma waliwekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sisi akina mama wa mtaa tulipika uji. Makumbusho haingekwenda Kagunga.

Tena usidhani naitetea kwa upofu. Mimi nimefanya biashara ya dagaa na migebuka kwa meli hiyo nikilala sitaha daraja la tatu, na najua ilivyochoka. Ilichelewa hadi samaki wananuka. Taa zilizimika. Pale Kipili, Wampembe na vijiji vingine ambavyo havikuwa na gati, honi ililia usiku wa manane na mitumbwi ikaivamia gizani, watu wakarushiana magunia na watoto juu ya maji. Ulikuwa mgongoni mwangu safari mojawapo, hukuamka hata. Na barabara siku hizi zimefika pengi. Anayekwenda Sumbawanga anapanda basi. Lakini tangu Liemba isimame, watu wa Kalya na vijiji vya mwambao wanasafiri kwa maboti ya mbao yaliyojaa kupita kiasi, na ziwa likichafuka upepo wa kusi hauchagui. Mwenzangu mmoja wa sokoni alipoteza mzigo wote hivyo, akashukuru Mungu kubaki na roho yake.

Basi nikikujibu moja kwa moja: ikarabatiwe, na mpya nayo ijengwe. Hiyo mpya nayo itakuja vipande vipande kwa reli au kwa malori, itaungwa Kigoma, na safari hii nataka majina ya wachomeleaji yaandikwe. Ukikutana na mhandisi yeyote huko Dar mwenye sauti katika jambo hili, mwambie mama yako anaomba mlango wa ubavuni uwe chini na ngazi iwe imara, maana gati haitajengwa kila kijiji na sisi wenye magoti mabovu bado tutapanda kutoka kwenye mtumbwi.

Mawese nimekutumia kwa basi, dumu moja. Mpe jirani yako nusu, nilimwahidi.

Ni mimi mama yako.